Kalamu ya Presaiding

Ukishuka Matiliku uulize nyumba ya mwalimu mkuu mstaafu, utaulizwa yupi, maana tunao watatu. Lakini uliza kwa Presaiding, hata mama wa mboga ataacha mizani yake akuonyeshe njia. Cheo chenyewe ni cha siku mbili tu kila baada ya miaka mitano: msimamizi wa kituo cha kupigia kura. Yeye alikishika uchaguzi baada ya uchaguzi, kwenye shule ile ile ya msingi aliyoiongoza, mpaka kikageuka jina. Kanisani ni Presaiding. Kwa posho mill, kule tunakosagia mahindi, ni Presaiding. Mumewe, mzee mpole anayechonga mipini ya majembe, humwita Presaiding akitaka chai. Mimi ndiye ninayemwita Mwalimu uso kwa uso, kwa sababu alinifundisha hesabu darasa la sita na woga ule haujaniisha.

Naye huniita Karani. Mimi ni fundi wa nguo, nina cherehani mbili na kibanda karibu na stendi, na nina diploma ambayo ililala kwenye sanduku tangu siku niliyopewa. Lakini nilikuwa karani wake wa uchaguzi mara tatu, ukihesabu ile kura ya katiba, basi kwake mimi ni Karani mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe. Siku ya harusi yangu alishika maikrofoni akasema anamtakia Karani wake ndoa njema, na jamaa za mume wangu wakarudi kwao Kitui wakiamini nimeajiriwa na serikali. Sikuwasahihisha.

Naandika habari zake kwa sababu nimechoka. Sokoni kuna watu ambao ukimtaja wanajua jambo moja tu: kwamba ndiye aliyekosea fomu ya kiti cha wadi tukafika kortini. Ni kweli alikosea. Lakini mtu wa miaka yote hiyo huwezi kumfungia ndani ya karatasi moja, na mimi niliyekuwa nimekaa ubavuni kwake kalamu ikiandika, lazima niseme nilichoona. Jina la msimamizi mwaminifu ndilo alilolipenda kuliko vyote alivyonavyo, hata ng'ombe wake wa gredi, na ndilo lililoingia hatarini.

Nianze na rula. Ni rula ya mbao, ya mti wa mukau, mumewe alimchongea walipokuwa bado vijana, na alama za sentimita zimefutika kitambo. Haipimii kitu. Anaiweka chini ya mstari anaosoma, iwe Biblia, iwe orodha ya wapiga kura, iwe ujumbe wa simu. Nikiwa darasa la sita nilidhani ni ya kutupigia. Nilipokuwa karani wake nikajua ni ya kuzuia jicho lisiruke mstari. Aliwahi kuniambia jicho la mwanadamu ni mvivu, linasoma linachotaka.

Sauti yake haipandi. Siku ya kura, vijana wakianza kusukumana mlangoni, alikuwa anasimama tu pale na rula yake na kuuliza: "Nani ana haraka? Aende na haraka yake nje." Basi wananyamaza, wanaume wazima, wengine madiwani. Safari moja mkubwa fulani alikuja na walinzi wanne na miwani ya jua, akapita watu wote akitaka kuhudumiwa kwanza. Presaiding akamwamkia vizuri, akamuuliza hali ya nyumbani, kisha akamwambia kwamba hapa mheshimiwa ni yule aliye mbele yako kwa laini. Mheshimiwa akarudi nyuma, akakaa saa nzima kwenye jua na watu wa kawaida. Watu walifurahi sana, nafikiri hata yeye mwenyewe alipata kura mbili tatu kwa ule uvumilivu.

Na sasa nikuambie kichekesho. Mama huyu huyu, kwa posho mill hapangi foleni. Hajawahi. Anafika na ndoo yake ya mahindi, anasalimia kila mtu kwa jina la baba yake, anauliza habari za magoti na za ng'ombe, na anaposalimia anasogea, anasogea, hadi salamu inamwishia akiwa mbele kabisa. Nilimuuliza mara moja mbona hivyo. Akanijibu bila haya kwamba unga si kura.

Tena ana mdomo. Binti wa fulani akiwa mjamzito, Presaiding anajua kabla ya mama yake, na kufikia Jumapili tunajua sote. Lakini nani alimpigia nani kura, huo mdomo ulikuwa umeshonwa. Kulikuwa na bibi mmoja asiyeona, alikuja kituoni bila mtu wa kumsaidia, na sheria inasema msimamizi ndiye amsaidie mbele ya maajenti wa wagombea. Bibi akatangaza chaguo lake kwa sauti iliyofika barabarani. Presaiding akamjibu taratibu kwamba amesikia, na maajenti wamesikia, na mbuzi pia wamesikia, basi zilizobaki amnong'oneze. Miaka iliyofuata nilijaribu kumtania kuhusu kura ya yule bibi. Akanitazama kama aliyesahau kabisa, na bibi alikuwa ametangaza mbele yetu wote.

Mumewe naye amejaribu. Kila uchaguzi, wakitoka kupiga kura, anamuuliza amemchagua nani, na kila mara anajibiwa: yule wa katikati. Mzee akaenda kuuliza watu majina yalivyopangwa kwenye karatasi ili ahesabu katikati ni nani. Aliporudi na jibu akaambiwa si katikati ya karatasi. Mpaka leo hajui, na wanaishi vizuri tu.

Katiba anayo ndani ya mkoba. Kijitabu kidogo, amekipiga jalada la karatasi ya kaki vile alivyotulazimisha tufanye na madaftari, na kinakaa pamoja na kitabu cha nyimbo. Ile kura ya katiba alipoisimamia, alitoka asubuhi na macho mekundu akasema sasa yeye ni mkunga, alikuwa chumbani mtoto akizaliwa. Tangu hapo humtetea huyo mtoto popote. Kwenye baraza moja watu walichagua kamati ya maji, wanaume saba. Yeye akasimama, akafungua kaki yake, akaweka rula, akasoma ile habari ya kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili. Kisha akapiga hesabu kwa sauti, akamaliza kwa kusema watatu kati ya wale saba wasimame waende. Wakauliza watatu gani. Akasema hiyo si kazi yake, na akakaa. Walibishana hadi saa ya chakula, wakatoka watatu, wakaingia akina mama watatu, na kisima kikachimbwa. Walipomwomba awe mmoja wao alikataa, ati hana wakati.

Kuhusu mahakama alikuwa na imani ambayo mimi sikuwa nayo. Mimi nilikuwa najua korti ni mahali ambapo jirani anakupeleka kwa ajili ya mpaka wa shamba na mnarudi nyote mmekonda. Yeye alitufundisha, kila semina ya makarani, kwamba kura inapigwa na mwananchi, inahesabiwa na sisi, na tukiharibu kuna mtu wa tatu wa kutuuliza. Alimpenda sana huyo mtu wa tatu. Alikuwa hajawahi kuingia ndani ya mahakama hata siku moja.

Jambo lingine lake ni muthokoi. Kituo kikifungwa jioni, kabla sanduku la kwanza halijafunguliwa, sufuria kubwa ilikuwa inaletwa kutoka kwake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na tunakula sote, makarani, polisi, maajenti wa kila upande, kutoka sufuria moja. Ajenti aliyekataa kula hakuruhusiwa kunung'unika baadaye. Alisema mwenye njaa anahesabu haraka. Halafu ndipo tunamwaga karatasi kwenye madawati yaliyounganishwa, anainua moja moja juu kila mtu aione, mbele na nyuma, na tunazifunga hamsini hamsini kwa uzi wa katani.

Uchaguzi ule wa tatu tulihesabu hadi jua likachomoza. Kura ni sita siku hizi, na kila moja ina fomu yake. Fomu tano tulizijaza vile anavyotaka: ninasoma jina, anaweka rula chini ya jina, ninasoma kura, anaandika, anarudia kwa sauti. Ya sita ilikuwa ya mwakilishi wa wadi. Wagombea walikuwa watatu, na kwetu tuliwaita kwa alama zao: Mzinga, Kibuyu na Taa. Mzinga alikuwa kijana wa hapa hapa, mwanafunzi wake, aliyemfundisha hata kushika penseli. Kibuyu alikuwa mfanyabiashara mwenye maneno mengi, ambaye mkutanoni alishasema kituo chetu kinasimamiwa na nyanya aliyepitwa na wakati. Presaiding alilisikia neno hilo. Sisi sote tulilisikia.

Asubuhi hiyo macho yake yalikuwa yamechoka. Akaniambia: "Karani, hii nipe namba tu." Mafungu yalikuwa mezani, kubwa kwanza, dogo mwisho, vile alivyotuzoeza kuyapanga. Nikamsomea namba. Akaandika. Maajenti wakaweka sahihi huku wakipiga miayo, tukabandika nakala mlangoni, tukapanda lori na masanduku yetu. Kufikia jioni Mzinga akatangazwa mshindi wa wadi nzima kwa tofauti ya kura ambazo hazikufika mia, na vijana wakacheza barabarani mpaka Mukuyuni.

Wiki ya pili uvumi ukaanza. Ajenti wa Kibuyu alikuwa na daftari la mfukoni, na humo Kibuyu ndiye aliyemshinda Mzinga kwenye kituo chetu, tena kwa mbali. Mimi nilikuwa mkali kama nini. Nilimwambia muuza viazi mmoja aliyerudia uvumi huo kwamba asilete suruali yake tena kwangu, na hadi leo anashonesha kwingine. Jumapili moja baada ya ibada Presaiding akaniita nyumbani kwake. Mume wangu alikuwa amepiga picha ya ile fomu pale mlangoni shuleni, basi nikaja na simu yake. Akaweka rula juu ya kioo cha simu. Picha ikaruka. Akaweka tena, ikaruka tena, ikaenda kwenye picha za harusi. Ningecheka, lakini uso wake ulikuwa haucheki.

Aliniuliza kama ile fomu ya mwisho nilimsomea majina ama namba. Nikasema namba. Akauliza nilianzia wapi. Nikasema kwa ile kubwa.

Akaingia chumbani akarudi na kitabu chake cha zamani cha maksi, kile cha shule. Akakifungua mbele yangu. Kila ukurasa, kila muhula, miaka thelathini na ushee, namba wani yuko juu, wa mwisho yuko chini. Hivyo ndivyo walimu wetu wote wanavyoandika matokeo, na hivyo ndivyo tunavyoyasoma ubaoni. Lakini fomu ya kura haiandikwi hivyo. Majina halisi ya wagombea, si alama zao, yamechapwa tayari kwa alfabeti, na la kwanza lilikuwa la Mzinga, la pili la Kibuyu. Mimi nilisoma ya kwanza, yeye akaandika juu. Kura za Kibuyu, mia mbili na kumi na moja, zikakaa kwa Mzinga, na za Mzinga zikashuka kwa Kibuyu. Mkono wake ulijaza matokeo ya mtihani.

Nililia, sifichi. Nililia kwa woga, si kwa haki. Nikamwambia tunyamaze, sanduku limefungwa kwa lakiri, fomu ina sahihi za watu wote, na mimi nina watoto. Nikamkumbusha kwamba akisema, kazi hii hataiona tena, na watu watasema aliuza kura. Nikamkumbusha na lile neno la nyanya, ati kwa nini ajivunjie jina kwa ajili ya mtu aliyemtukana. Alinisikiza hadi nikaisha. Kisha akasema kwamba Kibuyu hampendi hata kidogo, kwamba ana mdomo mchafu na viatu vya kelele, na kwamba hilo halihusiani.

"Wewe nyamaza ukitaka," akaniambia. "Mimi nitaongea."

Petisheni ya Kibuyu ya kupinga matokeo ikafika mahakamani, mjini Wote. Kabla ya siku ya ushahidi, Mzinga alikuja kumwona mwalimu wake. Nilikuwepo, nilikuwa nimemletea Mwalimu koti la suti niliyomshonea ya kortini, na alikuwa ameshanirudisha mara mbili kwa ajili ya kola. Mzinga alikuja na mkate na sukari, akakaa kwenye kile kigoda alichokalia utotoni alipokuwa anafundishwa jioni. Si mtu mbaya, nataka lieleweke. Hakumwomba aseme uongo. Alisema tu kwamba fomu ni yake, sahihi ni yake, na akisema fomu iko sawa, mambo yameisha na kila mtu anarudi nyumbani na heshima yake. Presaiding akampakulia muthokoi. Akamuuliza hali ya mama yake. Kisha akasema:

"Ningechukua maksi za mwenzako nikuwekee wewe, hicho cheti ungekitundika wapi?"

Mzinga aliweka kijiko chini. Hakumaliza chakula, na alipotoka aliacha ule mkate mezani, kwa hiyo angalau hakukasirika kabisa.

Siku ya ushahidi ikafika. Mama aliyewarudisha madiwani kwenye foleni, alishindwa kufunga kifungo cha lile koti, nikamfungia mimi kwenye korido ya mahakama kama mtoto wa chekechea. Hakuwa amekula. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba amewasifia watu mahakama maisha yake yote na sasa hajui hata aingilie mlango gani.

Alipanda kizimbani, akaapa, akaeleza. Alianza na muthokoi, hakimu akamwacha aendelee. Akaeleza madawati, mafungu, uzi wa katani, ile namba wani juu. Watu walikuwa wamejaa, na nilisikia mtu nyuma yangu akiguna. Ndipo wakili wa Mzinga akasimama. Alikuwa kijana mwerevu, na nafikiri alitaka hata kumsaidia. Alimuuliza kama si kweli kwamba alikuwa amekesha, kwamba karani ndiye aliyekuwa anasoma, na kwamba karani huyo alisoma namba bila majina. Je, si karani aliyemkosesha?

Mlango ulikuwa umefunguliwa hapo. Angepita tu. Kila mtu angeelewa: mwalimu mzee, mwaminifu, amepotoshwa na fundi wa nguo. Jina lake lingebaki safi, na langu, basi, lilikuwa jina la cherehani mbili. Aligeuza kichwa akanitafuta kwenye mabenchi. Nilitazama sakafu. Haki ya Mungu, nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitahamia wapi, labda Sultan Hamud, huko hawanijui.

"Karani alisoma vile nilimwambia asome," akasema. "Kalamu ilikuwa kwa mkono wangu."

Hakimu akamuuliza kama ana la kuongeza. Akasema ndiyo: sanduku liko, kura ziko ndani, zimefungwa hamsini hamsini, wasimwamini yeye, wafungue wahesabu.

Wakafungua. Zilihesabiwa pale mahakamani mbele ya pande zote, na uzi wetu wa katani ulikuwa bado umefungwa vile nilivyoufunga. Kibuyu mia mbili na kumi na moja. Hukumu ilipokuja, hakimu alieleza kwa maneno marefu jambo ambalo hata mimi nililielewa, kwamba fomu ipo kwa ajili ya kura, si kura kwa ajili ya fomu. Mzinga akatoka kitini, Kibuyu akaingia. Na kuhusu Presaiding, hakimu aliandika kwamba alikosea kwa nia njema na kwamba mahakama ilimwamini kila neno. Nilimtolea nakala ya ukurasa huo. Ameukunja ukakaa ndani ya ile kaki, kwenye sehemu ya mahakama.

Hakushtakiwa na mtu. Lakini nafasi zilipotangazwa tena hakuomba. Nilimwambia aombe, akasema mtu akigundua jicho lake limechoka anampa mwingine rula. Sokoni wengine walimsifu, wengine wakasema amezeeka, na wachache wakabaki na ule wimbo wa kuuza kura. Kibuyu alimletea mbuzi wa shukrani. Mbuzi akarudishwa siku hiyo hiyo na ujumbe kwamba kura hizo si yeye aliyempa, zilikuwa za Kibuyu mwenyewe. Mzinga alipotea miaka miwili. Sasa anauza mbao Sultan Hamud, hakugombea tena, na kila Krismasi anamletea mwalimu wake mkate. Wanakula na muthokoi, na siku hizi anamaliza sahani.

Uchaguzi uliofuata, aliyesimamia kituo nilikuwa mimi. Ile diploma hatimaye ilitoka sandukuni. Usiulize nililala vipi wiki ile. Mchana wa kura nilimwona kwenye foleni, mkoba kwapani. Nilitoka kumwita mbele, maana sheria inawaruhusu wazee kupita, na nikamwambia hivyo. Akanijibu kwamba anaijua sheria, inasema wanaruhusiwa, haisemi wanalazimishwa. Alisimama saa nzima na nusu, akapiga kura yake, akaenda zake bila kunitazama. Mumewe alikuwa nyuma yake. Nilimsikia akiuliza, na nikasikia akijibiwa yule wa katikati.

Niliwapa watu muthokoi, sufuria yangu mwenyewe. Nilimfanya karani wangu asome kila jina, hata alipoanza kukwaruza koo. Asubuhi nikabandika fomu sita kwenye mlango wa darasa la tatu, miguu imevimba, lori la masanduku linanguruma nyuma yangu. Nilipogeuka, Presaiding alikuwa anaingia getini na ndoo ya mahindi.

Aliiweka ndoo chini. Hakunisalimia. Alitoa rula kwenye mkoba, akaiweka chini ya jina la kwanza la fomu ya kwanza, akalisoma kwa sauti, akasoma kura zake, kisha akasema, "Huyu?" Nikafungua daftari langu nikamjibu. Akashuka mstari mmoja. Huyu? Nikajibu. Hivyo hivyo, fomu baada ya fomu. Askari wa lori akatazama saa, akakohoa. Bila kugeuka, Presaiding akauliza nani ana haraka, aende na haraka yake nje, ingawa sote tulikuwa nje.

Fomu ya wadi aliisoma mara mbili. Kibuyu alikuwa ameshindwa safari hii, tena vibaya, na yeye aliyemrudishia kiti kwa gharama ya jina lake alipita kwenye mstari huo kama mstari mwingine wowote. Mara ya pili alianzia chini kwenda juu. Mimi nilimfuata kwa kidole kwenye daftari langu. Alipofika kwenye jina la juu kabisa akaacha rula pale muda kidogo, kisha akaitoa, akaifuta kwa leso.

"Iko sawa, Presaiding," akasema.

Niligeuka nyuma kuona ni nani ameitwa. Hapakuwa na mtu ila yule askari na lori lake. Nilipomgeukia tena alikuwa ameshaninyoshea ile rula, akaniachia mkononi, akabeba ndoo yake ya mahindi akaelekea posho mill. Kulikuwa na foleni ndefu asubuhi hiyo, na baadaye niliambiwa kwamba aliwasalimia wote.